Mwacheni Mgeni wa Siku Moja

Yako maneno ukiyasikia mara ya kwanza unayaona ya busara, ukiyasikia mara ya kumi unaanza kuyashuku. Mojawapo ni hili linalosemwa kuhusu Mji Mkongwe wa Zanzibar: kwamba kwenda huko kwa siku moja ni kupoteza nauli. Wanalisema wauza safari, wanalisema wenye hoteli, na siku hizi wanalisema hata wasomi wetu, tena wao kwa ukali zaidi. Mji wa kale, wanatuambia, hauonwi kwa kukimbia. Unataka siku nne, tano, ikiwezekana wiki. Anayepanda boti ya asubuhi Dar es Salaam na kurudi alasiri hakuuona mji. Kapiga picha mlangoni, kala urojo, basi.

Hayo ni maneno ya watu wenye likizo ndefu, na nitayapinga moja baada ya jingine.

Nina shahidi ambaye sidhani kama wasomi hao watamkataa. Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alishuka Mombasa akiwa njiani kwenda Kilwa. Alilala usiku mmoja tu, kisha akaendelea na safari. Katika muda huo mfupi aliona kwamba chakula kikubwa cha wenyeji ni ndizi na samaki, na kwamba nafaka hawalimi, huletewa kutoka nje ya kisiwa. Aliona misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Aliona kuwa mlangoni pa msikiti kuna kisima kisicho kirefu, na chombo cha mbao chenye mpini cha kutekea maji. Kuwa watu hutembea miguu mitupu, na anayetaka kuingia huosha miguu kwanza, halafu huipangusa kwenye jamvi nene lililotandikwa mlangoni. Hayo yote aliyasimulia zaidi ya miaka 20 baadaye, akiwa amerudi kwao, karani akiandika. Jamvi lile lilikuwa bado halijamtoka kichwani. Na hadi leo, karibu miaka 700 baadaye, anayetaka kuandika habari za Mombasa ya karne ya 14 hana budi kupita kwenye usiku ule mmoja, kwa kuwa waliokaa Mombasa maisha yao yote hawakuona haja ya kuandika kwamba huosha miguu kabla ya kuswali.

Mtasema Ibn Battuta hakuwa mtu wa kawaida. Sawa. Lakini angalieni alichokifanya. Hakuzunguka kisiwa kizima akihesabu misikiti. Alisimama mlangoni akatazama watu wanafanya nini na miguu yao. Jambo hilo halihitaji wiki, linahitaji kusimama.

Tumtazame sasa huyo mgeni wa wiki anayesifiwa. Wiki yake anaimalizia wapi? Kila anayefanya kazi ya utalii Unguja anajua jibu. Kwenye ratiba yake pameandikwa siku saba za Zanzibar, lakini siku hizo ni za Nungwi, Kendwa, Paje na Jambiani, yaani za mchanga mweupe na bahari. Mji Mkongwe hupewa nusu siku, mara nyingi ile ya mwisho, mabegi yakiwa tayari kwenye gari na ndege inamngoja jioni. Kwa hiyo tunapomlinganisha na mwalimu aliyeshuka bandari ya Malindi saa tatu asubuhi na wanafunzi wake wa kidato cha pili, akiwa na saa sita mkononi kabla ya boti ya kurudi, mwalimu ndiye anayekaa mjini muda mrefu zaidi. Ila mwalimu anaitwa mtu wa mbio, na yule mwingine anaitwa mtalii.

Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wangu. Kipimo hiki cha siku tano hakikutoka kwenye historia wala kwenye mawe ya mji. Kimetoka kwenye mfuko. Familia ya Mbagala yenye watoto watatu inaweza, ikijibana, kulipa nauli ya boti kwenda na kurudi. Haiwezi kulipa chumba cha hoteli ya Shangani hata usiku mmoja. Kikundi cha akina mama wa vikoba waliochanga mwaka mzima, wakashona sare ya kitenge kimoja, wana Jumamosi hiyo moja tu; Jumapili wana ibada na Jumatatu wana genge. Ukiwaambia hawa kwamba siku moja si kitu, hawataongeza siku. Watabaki nyumbani. Na mji ambao UNESCO iliuandika mwaka 2000 kuwa urithi wa dunia nzima utakuwa urithi wa dunia nzima isipokuwa Mbagala.

Naona mtu anataka kunikatiza: hatukatai waje, tunasema hawatauelewa mji. Haya, tuzungumze habari za kuelewa.

Ingieni nami kwenye nyumba moja ya Mji Mkongwe, yoyote iliyo wazi kwa watu. Kuta ni za mawe ya matumbawe, yameshikwa kwa chokaa na udongo, nene kiasi kwamba dirishani mtu mzima anaweza kukaa na miguu akaikunja. Inueni macho mtazame dari. Boriti zile ni miti ya mikoko, imekatwa na kulazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Sasa hesabuni hatua za upana wa chumba. Hamtafika mbali: kama meta tatu, mara nyingi pungufu. Si kwamba mwenye nyumba alikuwa bahili. Boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari zito la mawe kwa upana zaidi ya huo, kwa hiyo chumba kikawa chembamba, na aliyetaka ukubwa akakirefusha. Vyumba virefu vikazungushwa ua wa ndani ili hewa na mwanga viingie. Tajiri aliyetaka kujionyesha, kwa kuwa hawezi kupanua ukumbi apendavyo, akapeleka fedha zake kwenye mlango. Ndiyo maana milango ile ina nakshi kiasi kile: ya mraba yenye michoro ya Kiarabu, na ile ya juu duara iliyokuja na mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi. Ukishaona mambo hayo katika nyumba moja, ukitoka nje vichochoro vyenyewe vinaanza kusema. Ni kazi ya saa moja. Nimewaona watu waliopita mbele ya milango hamsini, simu mkononi, bila hata mara moja kutazama dari.

Halafu kaeni barazani. Mabenchi yale ya mawe yaliyoambatana na kuta za nyumba si mapambo; watu hukaa hapo jioni, watoto husomea hapo, muuza kashata huweka sinia lake hapo, na mvua za masika zinapojaza maji kwenye kichochoro, wapita njia hupanda juu yake wakaendelea na safari miguu mikavu. Nendeni pale wanapopaita Jaws Corner, muagize kahawa tungu katika kikombe kisicho na mkono, muwasikilize wazee wanaocheza dhumna wakibishana habari za siasa, bei ya mchele na mpira wa jana. Hamhitaji mkalimani. Hili wapinzani wangu hawalitaji kamwe, nami nashangaa kwa nini, maana ndilo kubwa kuliko yote: mgeni wa siku moja kutoka Tanga, Dodoma au Mombasa anajua Kiswahili. Saa moja ya baraza kwa mtu anayeelewa utani unaopita pale ina faida kuliko siku kumi za mtu anayeambiwa tu kwamba wazee hawa wanakunywa kahawa. Mama wa kikundi cha vikoba akikaa na muuza mkate wa kumimina, baada ya dakika tano wanajuana watoto wangapi, wanaulizana bei ya unga, na mama anafundishwa siri ya chuma kutoshika chini. Hakuna kifurushi cha utalii kinachouza mazungumzo hayo.

Wapinzani wangu wana hoja moja ninayoikubali, ila wanaipa sababu isiyo yake. Ni kweli kuna namna ya siku moja ambayo ni balaa. Mnaijua. Mnashuka bandarini, papasi, mtembezaji wa kujipachika, anawadaka kabla hamjapata hata choo, na kwa saa nne mnaburutwa: Beit el Ajaib kwa nje, Ngome Kongwe, nyumba ya Tippu Tip kwa nje, nyumba inayosemwa aliishi Freddie Mercury, Hamamni, Darajani, kanisa la Mkunazini, duka la viungo la shemeji yake, kisha boti. Kila mahali sentensi tatu na picha moja. Mkifika nyumbani mnauliza, hivi ile ngome ilikuwa ya Mreno au ya Mwarabu? (Ni ya Waomani, waliyoijenga baada ya kumfukuza Mreno, mahali palipokuwa na kanisa lake.) Lakini kosa hapo si uchache wa saa. Kosa ni orodha. Mpeni mtu huyo wiki na orodha ileile itakuwa na vituo sitini badala ya kumi, na atarudi na sentensi tatu kwa kila kimoja.

Tuchukue Mkunazini, kwa sababu ndipo mahali ambapo haraka inaumiza zaidi. Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba ambao Waingereza, kupitia konseli wao John Kirk, walimbana mpaka akakubali. Wamisionari wa Kianglikana wakapata eneo lile wakajenga kanisa, kazi ikisimamiwa na Askofu Edward Steere, ambaye amezikwa humohumo nyuma ya madhabahu. Nje kuna sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998: watu watano wamesimama ndani ya shimo, minyororo shingoni. Hapo mtu anaweza kusimama nusu saa asiongee. Badala yake wageni wengi hupelekwa haraka kwenye vyumba vya chini vya jengo la jirani, wakaonyeshwa dari fupi na giza, wakaambiwa kwamba hapa ndipo watumwa walifungiwa kungoja mnada. Jengo lile lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria ambao kwa sababu hiyo wanaihoji hadithi ya vyumba vile. Ukatili wa soko lenyewe hauna shaka yoyote, na hauhitaji kuongezewa chumvi. Mgeni wa siku moja na mgeni wa wiki mbili wote huisikia hadithi ileile, kwa sauti ileile, mara nyingi kwa mtembezaji yuleyule. Siku kumi na tatu za ziada hazikumsaidia huyu wa pili. Angesaidiwa na swali moja: jengo hili ni la mwaka gani?

Kwa hiyo siku moja ikitumika vizuri ni sehemu mbili, tatu kwa wingi, na katikati yake kukaa. Mimi ningechagua nyumba moja, Mkunazini, na kuvuka barabara.

Kuvuka barabara nina maana ya kutoka Darajani kwenda Ng'ambo. Palikuwa na mkono wa bahari hapo uliotenga mji wa mawe na mji wa udongo na makuti. Ulifukiwa, barabara ikapita juu yake. Wenye vitabu vya safari huishia ukingoni, kana kwamba historia ilishindwa kuvuka. Ng'ambo ndiko walikoishi wengi wa watu walioujenga ule mji wa mawe na kuupikia na kuufulia. Ng'ambo ndiko alikokaa Siti binti Saad alipotoka shamba, Fumba, na ndiko alikoimba kabla na baada ya mwaka 1928 alipokwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ndiko yalikosimamishwa majumba marefu ya Michenzani, kwa ramani za wataalamu wa Ujerumani Mashariki, huku nyumba nyingi za mawe zilizotaifishwa upande wa pili zikigawiwa familia ambazo hazikuwahi kuota kulala ndani yake. Huwezi kuuelewa upande mmoja bila mwingine, na kutoka mmoja hadi mwingine ni dakika kumi za mguu. Ni wageni wangapi wa wiki nzima wamevuka? Simameni pale Darajani asubuhi moja mhesabu wenyewe.

Imebaki hoja ya fedha. Wanasema mgeni wa siku moja anachafua mji na haachi kitu. Ushahidi wao mkubwa ni Venice, na nakiri ni ushahidi mzito. Mwaka 2024 jiji lile lilianza kuwatoza wageni wa siku moja euro 5 katika siku 29 zenye msongamano. Mwaka 2025 siku zikaongezwa hadi 54, na anayechelewa kujiandikisha akawa analipa euro 10. Basi, wanasema, tuwatoze na sisi, au tuwakatishe tamaa.

Polepole. Wanaolala Venice hawalipi ada hiyo kwa kuwa wana kodi yao hotelini, lakini ni nani aliyewaondoa wenyeji? Wakazi wa mji wa kale wa Venice walishuka chini ya 50,000 mwaka 2022, na mwaka uliofuata wanaharakati wa huko wakatangaza kwamba vitanda vya wageni vimezidi idadi ya wakazi. Vitanda! Mgeni wa siku moja hahitaji kitanda. Anasonga daraja mchana, anakera, jioni anaondoka, na nyumba inabaki na mwenyewe. Anayelala ndiye ambaye kwa ajili yake mwenye nyumba hugundua kuwa mpangaji wa miaka ishirini hana faida.

Mji Mkongwe nao una hadithi hiyo. Nyumba baada ya nyumba imegeuzwa hoteli, na pale Mambo Msiige ujenzi wa hoteli ya kifahari ulileta malalamiko hadi kwenye Kamati ya Urithi wa Dunia. Sijasikia kikao cha kamati hiyo kikimjadili mwalimu na wanafunzi wake. Beit el Ajaib, jumba ambalo Barghash alilijenga mwaka 1883 na ambalo ndilo uso wa mji kwa anayetokea baharini, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, likiwa katikati ya ukarabati baada ya miaka mingi ya kuchakaa. Halikuangushwa na mizigo ya akina mama wa vikoba.

Na kuhusu kuacha kitu: mgeni wa siku moja hana kifungua kinywa cha hoteli. Lazima ale mtaani. Atakula urojo, atakunywa juisi ya miwa, atanunua halua ya kupelekea jirani, karafuu na mdalasini Darajani, pengine kanga mbili, na yote hayo atayalipa mkononi kwa mwenye kibanda, kwa shilingi. Aliyelipia kila kitu huko kwao kabla hajapanda ndege ana sababu gani ya kununua boflo Mchangani? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakutaja lazima alale. Tena ni walewale waliosema mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Sidai kwamba siku moja haina hasara. Ina hasara na ni chungu. Anayerudi na boti ya alasiri hatauona mji asubuhi mapema, vichochoro vikiwa vitupu na harufu ya mkaa ikianza kupanda. Hatafika Forodhani baada ya magharibi, karabai na taa zikiwaka, pweza na mishikaki juu ya jiko, vijana wakijitupa baharini kutoka ukutani. Kama una uwezo wa kulala, lala. Ungekuwa mjinga kutolala. Ninachokataa ni kumgeuza asiyeweza kuwa mtu asiyejua.

Na kama kweli mamlaka na wenye hoteli wanaumizwa na siku moja iliyovurugika, wana kazi ya kufanya ambayo haihitaji kumwongezea mtu usiku hata mmoja. Wekeni vyoo safi karibu na bandari, na mahali pa kuacha mizigo. Wekeni meza pale Malindi yenye watembezaji wa Kiswahili kwa bei iliyoandikwa, ili mtu asinunue safari kwa papasi akiwa bado ana kichefuchefu cha mawimbi. Fungueni nyumba moja ya mawe, moja tu, ambayo mwanafunzi ataingia kwa kiingilio cha mwanafunzi na kutazama boriti. Bandikeni Mkunazini maelezo ya Kiswahili yanayosema jengo gani ni la lini. Na wasomi wenzangu, mnaowacheka watu wa boti ya alasiri, nendeni siku moja bandarini mjitolee kuwatembeza. Saa sita tu.